Pombe ya Asali na Msitu wa Buha: Kwa Nini Mtengeneza Kinywaji Huitunza Nchi

Kila kinywaji kina nchi yake. Mvinyo una vilima vya mizabibu, tembo lina minazi ya pwani, na pombe ya asali ina msitu. Mnywaji hukiona kibuyu tu; mtengenezaji huona zaidi, maana anajua kinywaji chake kimetoka katika udongo gani, maji gani na maua gani. Kwa sababu hiyo wanachuoni wa ng'ambo wameuliza, kwa muda wa miaka thelathini hivi, kwa nini baadhi ya watengenezaji wa mvinyo huutunza udongo, huyaweka maji safi na kupunguza sumu mashambani, na hali wengine hawajali. Insha hii yalichukua swali hilo na kulipeleka mahali ambapo halikuzoea kuulizwa, yaani miinuko ya Kigoma, katika Kasulu na Kibondo, nchi ya Waha. Huko mzabibu si zao la nchi, lakini asali na ndizi zimegeuzwa kuwa vinywaji tangu zamani zisizokuwa na tarehe.

Inafaa kutanguliza neno moja juu ya lugha. Kiswahili kimelipata jina la mvinyo kwa Wareno, na watu wa kale walilitumia hata kwa vileo vikali. Pombe ni neno la Kibantu, nalo hukusanya chini yake vitu vingi visivyofanana: pombe ya mtama, ya ulezi, ya ndizi na ya asali. Ukivitazama kwa jina utaviona ndugu. Ukivitazama kwa kazi utaona kwamba pombe ya asali na pombe ya ndizi ziko karibu na mvinyo kuliko zilivyo karibu na pombe ya nafaka. Utamu wake haukutolewa katika wanga kwa kuupika, bali ulikwisha tengenezwa na ua au na tunda, na chachu huukuta tayari. Kwa hiyo si kosa kumweka mrina asali wa Kibondo karibu na mkulima wa mizabibu na kuwauliza wote wawili swali moja.

Majibu yaliyopatikana ng'ambo ni mengi, lakini yaweza kukusanywa katika mafungu manne. La kwanza ni sheria: mtu hutunza kwa sababu serikali imemlazimisha. La pili ni soko: mnunuzi wa mbali anataka kujua mvinyo umetengenezwaje, na asiyeweza kumjibu hupoteza biashara. La tatu ni jirani: aliye ng'ambo ya mto hulalamika maji yakichafuka, na sifa ya mmoja huharibu sifa ya bonde zima. La nne ni moyo wa mwenye shamba mwenyewe, anayetaka kuwaachia watoto wake kitu kilicho kizima. Nchi kadhaa zimeyaandika mambo haya kuwa kanuni. Afrika ya Kusini iliweka utaratibu wake wa kulima mizabibu kwa kuhifadhi mazingira mwaka 1998, na wakulima wa California wakatoa kanuni zao mwaka 2002. Lakini fundisho la kwanza lilikuja zamani zaidi. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo anayeitwa filoksera aliingia katika mashamba ya Ufaransa akala mizizi, na mashamba makubwa yakafa. Ufundi wa mapipa haukufaa kitu. Mizabibu iliokolewa kwa kupandikizwa juu ya mashina yaliyotoka Marekani, ambayo mizizi yake ilimzoea mdudu huyo. Hapo watu walikumbushwa kwamba kinywaji huanzia ardhini, wala hakianzii kiwandani.

Sasa tuitazame Buha. Miinuko hii, ambayo sehemu yake kubwa hupita mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hupata mvua za mwezi wa Oktoba au Novemba hadi Mei, kisha hukauka. Upande wa magharibi, kuelekea Burundi, nchi ina vilima na watu wengi, na migomba huzizunguka nyumba. Upande wa mashariki nchi hushuka polepole kuingia katika msitu wa miombo na mabwawa ya mito Malagarasi na Moyowosi. Tawala za kale za wami, kama Heru katika Kasulu na Muhambwe na Buyungu katika Kibondo, zilikuwa na nchi za namna zote mbili. Kwa hiyo Mha alikuwa na vyanzo viwili vya kinywaji: mgomba ulio nyuma ya nyumba, na mzinga ulio mbali msituni. Vyanzo hivi viwili vilimfundisha aina mbili za utunzaji.

Tuanze na mgomba. Ndizi za pombe zilizokomaa hufukiwa shimoni, zikafunikwa majani mpaka ziive. Kisha humenywa, zikakandwa pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti mpaka maji yake matamu yatoke. Maji hayo huchujwa, huongezwa maji ya kisima na unga wa mtama uliokaangwa, yakaachwa yachachuke siku chache. Majirani wa Burundi hufanya vivyo hivyo. Msomaji atazame jambo moja ambalo huwapita wengi: katika kazi yote hii moto ni mdogo sana. Mtama hukaangwa kidogo, basi. Pombe ya nafaka, kinyume chake, hupikwa kwa saa nyingi na kuteketeza kuni nyingi. Tena takataka za ndizi hazitupwi mbali. Maganda huliwa na ng'ombe na mbuzi, au hurudishwa shinani pamoja na nyasi za kukandia na majani makavu, yakaoza yakawa chakula cha mgomba. Kilichotoka shambani hurudi shambani, isipokuwa kile kilichonywewa.

Mzunguko huo haukuwa bahati. Ulitegemea samadi, na samadi ilitegemea ng'ombe. Katika Buha ng'ombe walishikwa kwa desturi ya ubugabire, ambayo kwayo mwenye mifugo alimpa mwingine ng'ombe wa kutunza, na mtunzaji akapata maziwa na samadi huku akiwa na wajibu kwa aliyempa. Nayo ardhi ilikuwa na wasimamizi wake, abateko, ambao waligawa mahali pa kulima na kutimiza ibada za nchi. Cheo cha mteko hakikuwa cha upanga. Kilitokana na ule ujuzi kwamba ukoo wake ulitangulia kuijua ardhi ile na mambo yake. Mtu aliyepewa mahali na mteko alipanda mgomba akijua kwamba mjukuu wake atakata mkungu pale pale, na shamba la migomba lililotunzwa kwa samadi huweza kuishi zaidi ya maisha ya mtu. Hiyo ndiyo maana ya kwanza ya utunzaji katika nchi hii: mwenye shamba hakuhitaji kuhubiriwa juu ya kizazi kijacho, kwa kuwa kizazi hicho kilikuwa kikicheza chini ya migomba yake.

Asali ina mambo mengine. Msitu wa miombo ni nchi ya nyuki, na miti kama mtundu na myombo hutoa maua ambayo asali ya magharibi mwa Tanzania husifiwa kwayo. Mrina asali hutundika mizinga yake juu ya miti, siku nyingi za mwendo kutoka kwake, na kurudi wakati wa mavuno. Mkulima wa migomba huitunza nchi kwa kuitia kitu. Mrina asali huitunza kwa kutoiondolea kitu. Hana haja ya kulima, wala hana haja ya kukata. Mti wenye maua una faida kwake ukiwa umesimama, na mti ulioanguka haumpi kitu. Hata moto ana elimu yake. Nyasi zikichomwa mapema, kiangazi kinapoanza na zingali na unyevu kidogo, moto hupita chini bila kuunguza matawi. Zikiachwa mpaka mwisho wa kiangazi, moto hupanda juu, ukaharibu maua, mizinga na nyuki wenyewe. Mrina mwenye mizinga katika mbuga fulani alichoma mapema kuilinda mali yake, na kwa kuilinda mali yake akaulinda msitu.

Lakini mwandishi wa historia si mtunga sifa, na haifai kumchora mrina asali kama walii. Mzinga wa kale wa magome hutengenezwa kwa kumvua mti gome lake lote kwa kuzunguka shina, na mti uliovuliwa hivyo hufa. Mtu mwenye mizinga mingi ameua miti mingi. Tena moto uliotumiwa kuwafukuza nyuki ulidondoka mara nyingi katika nyasi kavu na kuteketeza mbuga. Warina wanaotafuta asali ya nyuki wa mwituni walikata mti mzima ili kulifikia tundu moja. Basi yule yule aliyetuonyesha faida ya mti uliosimama ndiye aliyeuangusha. Tunapaswa kuuliza ni wakati gani alikuwa mlinzi na ni wakati gani alikuwa mharibifu, maana jibu la swali letu lote limo humo. Jibu ninaloliona ni hili: aliulinda mti aliojua kwamba ataurudia, na kuukata mti ambao hakutumaini kuukuta tena. Mwenye mizinga iliyotundikwa, ambayo majirani waliijua kuwa ni yake, alikuwa na sababu ya kuchoma mapema na kuchagua gome kwa uangalifu. Mpita njia aliyeona nyuki katika tundu alijua kwamba asipochukua leo, mwingine atachukua kesho. Tabia za watu hawa wawili hazikutofautiana. Iliyotofautiana ni haki yao.

Jambo hili lilijaribiwa na historia kwa namna ya ukali. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika ya Mashariki ikaua ng'ombe kwa maelfu. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 juu ya mazingira na uchumi wa Afrika ya Mashariki, alishikilia kwamba watu wa kabla ya ukoloni waliitawala nchi yao kwa kulima, kulisha mifugo na kuchoma vichaka kwa utaratibu, na kwamba utawala huo ulivunjika kwa maradhi, vita na njaa za miaka ile. Ng'ombe walipokufa, vichaka viliota palipokuwa malisho. Vichaka vilipoota, mbung'o walifuata. Kisha nchi ilibadilisha wakubwa mara tatu katika muda mfupi: Wadachi, kisha Wabelgiji walioiteka mwaka 1916, kisha Waingereza waliokabidhiwa mwaka 1921. Kodi iliwapeleka vijana wa Kiha katika mashamba ya katani ya mashariki, na mikono ya kufyeka vichaka ikapungua nyumbani.

Malale yalipozidi, serikali ya Kiingereza ilianza mwaka 1933 kuwahamisha watu wa Buha waliokaa mbalimbali na kuwakusanya katika makazi ya pamoja. Daktari George Maclean, aliyesimamia kazi ya kupambana na malale katika Tanganyika, aliamini kwamba watu wengi wakikaa pamoja na kufyeka vichaka, mbung'o hawatapata mahali pa kukaa. Kwa upande wa utabibu fikira hiyo haikuwa ya kijinga, na maisha ya watu yaliokolewa. Walakini kwa upande wa nchi gharama yake ilikuwa kubwa. Mtu aweza kubeba miche ya migomba kichwani. Hawezi kubeba udongo uliolishwa samadi kwa vizazi vitatu. Aweza kuonyeshwa shamba jipya na afisa. Hawezi kupewa na afisa yule mteko anayejua mambo ya mahali pale. Nayo misitu yenye mizinga ikabaki nje ya mipaka, mahali palipotangazwa kuwa pa hatari. Warina hawakuacha kwenda huko, kwa kuwa asali ilikuwa fedha na pombe yao. Katika Afrika ya Mashariki warina asali, wawindaji na wakata kuni walikuwa miongoni mwa watu waliopatwa na malale zaidi, kwa sababu kazi yao iliwapeleka kwenye makao ya mbung'o. Ila sasa walikwenda kama wageni. Mtu aliyezoea kuuona msitu kuwa ghala yake alianza kuuona kuwa mahali pa kuchukua na kukimbia.

Wakati huo huo serikali ilikuwa na sababu yake ya kumtaka mrina asali aendelee. Nta ya Tanganyika ilikuwa na soko zuri ng'ambo tangu siku za Wadachi, na nta hiyo ilipatikana kwa kiasi kikubwa kwa sababu watu walitengeneza pombe. Sega likilowekwa majini, asali huyeyuka ikaenda kuchachuka, na nta hubaki. Ikiyeyushwa na kuchujwa huwa bidhaa. Kwa hiyo pombe ilinywewa nyumbani, na kilichobaki kikavuka bahari kwenda kung'arisha viatu na kuwaka katika makanisa ya Ulaya. Mwaka 1949 serikali ilianzisha idara ya ufugaji nyuki chini ya mambo ya misitu, nayo ikaongozwa na Bwana F. G. Smith, ambaye mwaka 1960 alitoa kitabu juu ya ufugaji wa nyuki katika nchi za joto. Kwa mara ya kwanza maafisa walikiri kwa maandishi na kwa mishahara kwamba msitu uliosimama huzaa mali. Soko, lile jibu la pili la wanachuoni wa ng'ambo, lilikwisha fika Buha kabla ya mwanachuoni yeyote kuandika juu yake.

Lakini soko lina macho mawili, na hayatazami upande mmoja. Lilipotafuta nta liliupa msitu thamani; lilipotafuta kileo kikali kwa bei nafuu liliuangamiza. Gongo, ambayo sheria za zamani huiita moshi, hutengenezwa kwa kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake, na kuni zinazohitajiwa hazina hesabu. Sheria ya mwaka 1966 iliikataza, lakini katazo liliifanya ihamie mabondeni na msituni, karibu na maji na kuni, mbali na macho ya askari. Hapo twaona kwamba sheria inayotazama madhara ya mnywaji peke yake, isiyotazama kuni, yaweza kuuweka moto mahali pabaya zaidi. Baadaye zilikuja pombe za viwandani katika vifuko vya plastiki, zilizoitwa viroba, mpaka serikali ilipovipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017. Kifuko kitupu hakirudi shinani mwa mgomba kama lirudivyo ganda la ndizi.

Baada ya uhuru watu wa Buha walihamishwa tena. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 ilitangulia ile kazi kubwa ya nchi nzima ya kuwaweka watu katika vijiji. Makusudi yalikuwa shule, maji na zahanati, na mengi ya hayo yalipatikana. Lakini kwa mara ya pili katika maisha ya mzee mmoja, migomba iliachwa nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sehemu kubwa ya nchi ya mashariki iliyokuwa imeachwa tupu ikawa mapori ya akiba ya Moyowosi na Kigosi. Mwaka 2000 ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, yenye eneo la kilometa za mraba 32,500, iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, nayo ikawa ya kwanza Tanzania kupata heshima hiyo. Msomaji ayafuatanishe mambo haya. Pori ambalo dunia sasa yalisifu kuwa la asili, katika sehemu zake kadhaa, lilikuwa nchi ya watu waliohamishwa. Mrina asali aliyeingia huko baadaye kwa kibali na kwa majira aliyopangiwa aliingia mahali ambapo baba yake aliingia bila kuomba.

Kisha vikaja vilio vya jirani. Baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, wakimbizi walivuka mpaka kwa makundi makubwa, na kambi zikafunguliwa Kibondo na Kasulu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu wa Kongo, na mwaka 2015 Warundi wakaja tena kwa wingi hata watu wa kambi hiyo wakazidi laki moja. Kila familia ilihitaji kuni za kupikia. Misitu iliyo karibu na kambi ilikatwa, na lawama ikamwangukia mkimbizi. Haki yataka tulitazame jambo hili kwa kipimo kile kile tulichompimia mrina asali. Mkimbizi hakosi elimu ya miti. Wengi wao ni wakulima wa migomba kama Waha wenyewe, na lugha zao ni za jamaa moja. Anachokosa ni uhakika wa kuwapo. Mtu anayeambiwa kila mwaka kwamba huenda akarudishwa kwao hawezi kuutunza mti wa miaka ishirini. Hali yake humtia katika njia ya yule mpita njia mwenye tundu la nyuki.

Sheria za karibuni zimejaribu kuliponya jambo hili. Sera ya misitu na sera ya ufugaji nyuki zilitolewa mwaka 1998, na mwaka 2002 Bunge likatunga Sheria ya Misitu na Sheria ya Ufugaji Nyuki. Ndani yake kijiji kimepewa nafasi ya kuwa na msitu wake uliohifadhiwa, na hata hifadhi yake ya nyuki, kwa mipaka na kanuni kilizozitunga chenyewe. Pamoja na sheria imekuja mizinga ya mbao, ambayo haihitaji mti kuvuliwa gome. Hili ni jema. Ila mzinga wa mbao una bei, na mbao zake zatoka katika mti vile vile. Faida yake huonekana tu kwa mtu atakayeutumia miaka mingi mahali pamoja. Asiye na hakika ya mahali atarudia gome, kwa kuwa gome ni la bure.

Mgomba nao umepata filoksera yake. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria uligunduliwa katika mkoa wa Kagera, kisha ukaenea mikoa ya jirani. Hupelekwa na wadudu wanaotembelea ua la mgomba, na zaidi hupelekwa na panga la mkulima mwenyewe linalotoka shina bovu kwenda shina zima. Ndizi za pombe za aina iitwayo kayinja hushikwa upesi kuliko nyingi, na moja ya sababu ni kwamba huachwa bila kutunzwa, maana watu huziona ngumu. Dawa yake ni kazi ya mikono: kukata ua dume mapema kwa kijiti chenye panda, kusafisha panga kwa moto, kung'oa shina linalougua. Kazi hiyo haina maana ikifanywa na mtu mmoja na jirani yake akaiacha. Hapa lile jibu la tatu, la jirani, laonekana kwa nguvu kuliko linavyoonekana katika vitabu vya mvinyo.

Katika viwanda vya nchi yetu pia swali hili limekwisha bisha hodi. Arusha kuna kiwanda cha Banana Investments kinachotengeneza mvinyo wa ndizi, ambacho katika miaka ya 2010 kilishirikiana na wanasayansi kuyasafisha maji machafu na kuyatoa gesi ya kuwashia moto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilikuwa nyuma ya mambo kama haya, na gharama ya kuni na maji ilikuwa mbele yake. Kinachofanywa Arusha kwa mitambo, yaani kukirudisha kilichobaki kazini, ndicho kilichofanywa Kasulu kwa maganda na samadi. Tofauti ni kwamba kiwanda huandikiwa taarifa na kusifiwa, na bibi wa Kasulu hasifiwi na mtu.

Basi tuyapime yale majibu manne. Sheria imefanya mema na mabaya katika Buha, kwa kadiri ilivyompa mtu mahali au ilivyomwondoa mahali. Soko limeulinda msitu na limeukata. Jirani amesaidia pale majirani walipokaa pamoja muda wa kujuana. Moyo wa mtu umekuwapo siku zote, lakini moyo peke yake haukuzuia migomba kuachwa mwaka 1933 wala mwaka 1972. Chini ya yote manne kuna jambo la tano ambalo wanachuoni wa ng'ambo hawalitaji sana, kwa sababu kwao halina shaka: mwenye shamba la mizabibu analo shamba lake. Anajua kwamba mwakani atakuwa pale. Amekwisha pewa kile ambacho Mha amenyang'anywa mara mbili katika karne moja, nacho ni haki ya kurudi.

Mtu aweza kupinga kwa kusema kwamba wako watu wenye haki kamili ya ardhi yao ambao huiharibu. Ni kweli, na mwenye mashamba makubwa anayenyunyiza sumu si mgeni katika ulimwengu huu. Haki ya kurudi haimlazimishi mtu kutunza. Lakini bila hiyo utunzaji huwa amri ya mtu mwingine, na amri hudumu kadiri ya macho ya msimamizi. Mche wa mzabibu hufa usipopata udongo hata ukimwagiliwa. Ukipata udongo waweza kufa pia kwa uvivu wa mkulima, lakini hapo angalau kuna wa kulaumiwa.

Kwa wanafunzi na walimu neno hili lina kazi mbili. Ya kwanza ni ya uchunguzi. Maarifa ya kuchoma mapema, ya kuchagua gome, ya kuivisha ndizi bila kuni nyingi, yamo katika Kiha, katika vinywa vya wazee wanaopungua kila mwaka, na majina yake hayajaingia yote katika kamusi zetu za Kiswahili. Yakusanywe. Ya pili ni ya nchi. Msomi anayetumwa Kibondo kumfundisha mrina asali kuupenda msitu aanze kwa kuuliza kama mizinga ya mtu huyo imo mahali anaporuhusiwa kuikuta msimu ujao. Akijibiwa kwamba haimo, asifungue daftari la mafunzo kwanza, bali aende kwa wanaotoa vibali na kuwaeleza waliyoyafanya waliowatangulia mwaka 1933.